Faini Kumi na Nne

Kila asubuhi saa moja, Roza na mume wake Okech walipiga kasia kutoka ufukwe wa Luchelele kwenda kwenye kizimba chao. Hakikuwa mbali. Kizimba ni kama chumba cha nyavu kinachoelea ziwani. Ndani ya kizimba chao walifuga samaki aina ya sato, elfu moja na mia tano. Okech alishika kasia, Roza alishika ndoo ya chakula. Roza akirusha konzi ya kwanza, maji yalichemka kwa mikia.

"Hawa wanakula kuliko Princess," Okech alisema siku moja. Princess ni binti yao, yuko kidato cha pili.

"Princess hatumuuzi," Roza alijibu. "Waache wale."

Sato hao walikuwa wa mkopo. Roza alikopa benki ili kununua nyavu, maboya na vifaranga. Kila tarehe kumi na tano, kompyuta ya benki ilikata rejesho kwenye akaunti yake, shilingi laki tatu na elfu kumi. Kwa miezi mitano Roza hakuchelewa hata mara moja. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu wavune samaki na kumaliza deni. Lakini mkataba ulisema wazi: ukishindwa kulipa, benki inachukua kizimba na vyote vilivyomo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili. Samaki walishwe, na benki ilipwe. Moja likikwama, nyumba nzima inakwama.

Tarehe kumi ya mwezi wa saba, Roza alikwenda Nyegezi kununua chakula cha samaki. Alichukua mifuko minane. Bei yake ilikuwa shilingi laki tano na elfu ishirini. Sabina, muuzaji wa duka, alichomeka kadi ya benki ya Roza kwenye mashine. Roza akabonyeza namba yake ya siri. Mashine ilikaa kimya muda mrefu, halafu ikatoa kikaratasi.

"Haikufanikiwa," Sabina alisoma. "Mtandao huu nao! Tujaribu tena, dada?"

"Jaribu."

Mara ya pili mashine ilikubali. Sabina alimpa Roza vikaratasi vyote viwili. Roza alikunja cha pili akakiweka kwenye pochi. Cha kwanza alikitupa palepale mlangoni. Karatasi ya kitu kilichoshindikana ni ya nini?

Hapo naomba msomaji anivumilie, maana kila nikifika hapo napandwa na hasira. Ile "haikufanikiwa" ilikuwa uongo. Benki ilikata laki tano na elfu ishirini mara ya kwanza, ikakata tena mara ya pili. Kwenye akaunti kulikuwa na shilingi milioni moja, laki moja na elfu hamsini. Roza alitoka dukani akiamini imebaki laki sita na elfu thelathini. Kweli yake, ilibaki laki moja na elfu kumi tu.

Utauliza: benki haikumtumia ujumbe? Ilituma. Ilituma kila kitu. Lakini ujumbe ulikwenda kwa shemeji yake, Okeyo, mdogo wake Okech.

Ilikuwa hivi. Siku Roza alipofungua akaunti, miaka mitatu nyuma, simu yake ilikuwa imetumbukia ziwani siku mbili kabla. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya namba ya simu. Okech alisema, "Weka namba ya Okeyo kwa muda." Roza akaweka. Hiyo "kwa muda" ikawa miaka mitatu. Na Okeyo ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Kwa hiyo mwezi ukipungua, Okeyo hupanda boti kwenda visiwani, na harudi mpaka mwezi uwe mkubwa tena. Huko kambini hakuna umeme wala mtandao. Anazima simu, anaifunga kwenye nailoni, anaitia kwenye begi.

Yaani benki ilikuwa ikizungumza na begi.

Tarehe kumi na tano ilifika. Kompyuta ya benki ilitafuta laki tatu na elfu kumi, haikuziona. Ikakata faini ya shilingi elfu kumi na mbili. Kesho yake ikatafuta tena, ikakosa tena, ikakata faini nyingine. Hivyohivyo kila siku. Siku ya tisa akaunti ilibaki na shilingi elfu mbili. Muda wote huo Roza na Okech walikuwa wakilisha samaki wao kwa furaha.

Mifuko minane iliisha tarehe ishirini na nane. Roza alikwenda kwa wakala wa benki kutoa pesa ya mifuko mingine. Wakala alitazama mashine yake, akamtazama Roza.

"Dada, humu kuna elfu mbili."

"Elfu mbili ngapi?"

"Elfu mbili moja."

Roza alirudi nyumbani kwa miguu, hajui hata alipitia njia gani. Okech aliposikia, aliruka kama amekanyaga moto.

"Yawa! Wametuibia! Nakwenda mjini sasa hivi!"

"Subiri kwanza, Baba Princess. Tutafute karatasi."

"Karatasi ya nini? Mwizi anaulizwa kwa karatasi?"

Akaenda. Alifika benki akapita foleni yote, akaanza kupiga kelele dirishani. Mfanyakazi wa benki alimuuliza jina. Alipotazama kompyuta alisema, "Mzee, wewe si mwenye akaunti. Siwezi kuzungumza na wewe habari za akaunti ya mtu mwingine." Okech akazidisha sauti. Mlinzi alikuja, akamshika kiwiko taratibu, akamwonyesha mlango. Hasira hasara, wahenga walisema, na Okech alilipa hasara hiyo kwa nauli ya kwenda na kurudi.

Sasa sikiliza lililofuata, ndilo lililoniudhi kuliko yote. Okech alirudi na wazo.

"Nimeelewa," alimwambia mkewe. "Akaunti imelala. Ikikaa bila pesa inalala. Lazima tuiamshe."

"Tuiamshe na nini?"

"Na pesa."

Aliuza mbuzi wawili kwa laki tatu na elfu thelathini. Roza alichukua laki moja na elfu thelathini akanunua mifuko miwili ya chakula. Laki mbili Okech alikwenda kuziweka kwenye akaunti ili iamke. Akaunti iliamka kweli! Kompyuta ya benki iliona pesa, ikatafuta rejesho, ikaona laki mbili hazitoshi, ikakata faini elfu kumi na mbili. Kesho yake elfu kumi na mbili nyingine. Siku tano, faini tano, ndipo ikafika kikomo cha faini kwa rejesho moja. Mtu anauza mbuzi ili kulisha faini!

Kizimbani hali ilikuwa mbaya. Roza alipunguza chakula hadi nusu ndoo. Sato walikula kwa dakika mbili, halafu walikaa juu ya maji wakisubiri. Roza hakupenda kuwatazama.

"Wakikaa hivi mwezi mzima hawatafika hata robo kilo," alisema. "Tutavuna mifupa. Benki itachukua kizimba, sisi tutabaki na kasia."

Okech alichovya kasia, akaanza kurudi ufukweni. Alikuwa ameishiwa mawazo, na kwa hilo tumshukuru Mungu.

Tarehe tatu ya mwezi wa nane, mwezi ulikuwa mkubwa. Okeyo alirudi asubuhi, amechomwa na jua, amebeba mfuko wa dagaa begani. Alisalimia, akakaa, akaomba maji. Kisha akatoa simu.

"Shemeji, kuna meseji zenu huku. Tulipokaribia nchi kavu nikawasha simu, ikalia mpaka watu wa boti wakaniuliza kama nimeoa."

"Meseji za nani?"

"Za benki. Nilidhani ni matangazo yao yale ya kila siku."

Roza alichukua simu. Alihitimu darasa la saba zamani, na alisoma polepole, lakini alisoma. *Umelipa shilingi 520,000. Umelipa shilingi 520,000.* Tarehe moja, dakika tatu tofauti. Chini yake faini, faini, faini. Alihesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. Faini kumi na nne.

"Shemeji," Roza alisema kwa sauti ndogo, "miaka mitatu unapokea meseji za akaunti yangu?"

"Sasa mlisema ni kwa muda," Okeyo alijibu. "Mimi nitajuaje muda umeisha?"

Roza alitaka kucheka, akataka kulia, akaona vyote vinapoteza wakati. Aliomba simu ile, akavuka uzio kwenda kwa jirani.

Jirani yao ni Mama Wilhelmina. Ni mstaafu, anafuga kuku wa mayai. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa hesabu katika chama cha ushirika cha pamba. Ni mama mwenye moyo mzuri na uvumilivu mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Roza alimweleza yote. Mama Wilhelmina alivaa miwani, akasoma ujumbe wote mpaka wa mwisho. Alipofika kwenye ujumbe wa zile laki mbili za kuamsha akaunti alivua miwani.

"Nani alisema akaunti inalala?"

"Baba Princess."

"Jamani!" Mama Wilhelmina alipiga paja. "Mwambie asiweke hata shilingi mia mpaka tujue tatizo. Haya, sikiliza. Pesa yako ya mara ya kwanza ilitoka kwenye akaunti, lakini haikufika dukani. Imekwama njiani, kwenye mitambo ya benki. Ndiyo maana mashine ilisema haikufanikiwa. Mambo hayo hutokea. Mara nyingi mitambo huirudisha yenyewe baada ya siku chache. Yako haikurudi."

"Kwa hiyo si wizi?"

"Ni kosa. Mwizi hukimbia. Kosa linakaa palepale, linasubiri mtu wa kulionyesha. Na faini zote zimezaliwa na kosa hilo. Bila kukatwa mara mbili, tarehe kumi na tano ungekuwa na pesa ya rejesho?"

"Ningekuwa na laki sita na thelathini."

"Basi. Huna deni la faini. Benki ndiyo yenye deni lako. Kile kikaratasi cha kwanza kiko wapi?"

"Nilikitupa. Kilisema haikufanikiwa."

Mama Wilhelmina alifumba macho kidogo.

"Roza mwanangu. Karatasi ya kushindwa ina maana kuliko ya kushinda. Hiyo ndiyo inayosema duka halikupokea. Usitupe karatasi ya pesa, hata ikuudhi vipi. Nenda dukani, mwambie yule binti akutolee nakala. Mashine zile huweka kumbukumbu. Kisha nenda benki, wewe mwenyewe, na kitambulisho chako. Omba taarifa ya akaunti kuanzia tarehe moja ya mwezi wa saba. Badilisha namba ya simu, uweke yako. Ukimaliza njoo hapa tuandike barua."

"Uniandikie wewe mama. Mimi sina mwandiko."

"Benki hawaoi mwandiko. Utaandika mwenyewe."

Kesho yake Roza alianza na Nyegezi. Sabina alitafuta kwenye mashine, akatoa nakala ya kikaratasi: tarehe, saa, kiasi, na neno lile, haikufanikiwa. Pia alipiga picha ukurasa wa daftari la mauzo, kuonyesha duka lilipokea mara moja tu. Kutoka hapo Roza alikwenda mjini. Alikaa kwenye foleni saa mbili kasoro. Alibadilisha namba ya simu, jambo lililochukua dakika sita baada ya miaka mitatu. Akaomba taarifa ya akaunti. Wakamwambia kuichapa kuna malipo kidogo. Ndiyo, unalipa ili uone ulivyokatwa! Alilipa, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jioni, kwenye meza ya Mama Wilhelmina, aliandika. Alifuta, akaandika tena. Barua ilikuwa hivi:

*Kwa Meneja wa Tawi. Mimi ni Roza Okech, mwenye akaunti ambayo namba yake nimeandika juu. Tarehe 10 Julai nililipa shilingi 520,000 kwa kadi katika duka la chakula cha samaki, Nyegezi. Mashine iliandika haikufanikiwa. Tulirudia, ikafanikiwa. Duka limepokea mara moja, lakini mimi nimekatwa mara mbili. Kwa sababu hiyo rejesho la tarehe 15 lilikosa pesa, na nimetozwa faini 14 za shilingi 12,000 kila moja. Naomba mnirudishie shilingi 520,000, na faini zote shilingi 168,000. Jumla ni shilingi 688,000. Naomba pia kumbukumbu ya kuchelewa ifutwe kwenye mkopo wangu, kwa sababu sikuchelewa. Nimeambatisha nakala ya kikaratasi, picha ya daftari la duka na taarifa ya akaunti.*

"Sijaweka kwamba wanatuua na njaa," Roza alisema.

"Usiweke. Hesabu yako inasema vya kutosha." Mama Wilhelmina alisoma barua mara mbili. "Iandike tena iwe mbili. Moja wanabaki nayo. Nyingine wapige mhuri wa kupokea, waandike tarehe, urudi nayo. Waulize watakujibu lini. Wakikuzungusha, ipo Benki Kuu, ina watu wa kupokea malalamiko ya wateja wa mabenki. Lakini hao watakuuliza kwanza: benki yako uliiandikia? Bila mhuri huna jibu. Na jambo jingine. Mtu akikupigia simu akasema ni wa benki, anataka namba yako ya siri ili akurudishie pesa, kata simu. Benki haihitaji namba yako ya siri kukurudishia chako."

Kesho yake, kule benki, dirisha la wateja lilikuwa na kijana anayeitwa Venant. Alikuwa na adabu, na alikuwa amechoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeleta malalamiko."

Venant alisoma barua, akabonyeza kompyuta.

"Mama, faini hizi ni halali. Siku ya rejesho akaunti haikuwa na pesa. Mfumo ndivyo ulivyo."

"Kwa nini haikuwa na pesa?"

"Hilo ni la mteja, mama."

"Soma mstari wa nne."

Venant alisoma. Akatazama taarifa ya akaunti. Akatazama nakala ya kikaratasi. Akakuna shingo.

"Ni kweli zimetoka mara mbili. Basi acha hapa, tutaishughulikia."

"Nipigie mhuri kwenye nakala yangu."

"Kwa kawaida nakala hatupigi mhuri, mama."

"Na kwa kawaida mnakata watu mara mbili?" Roza hakupaza sauti. Aliisogeza nakala mbele yake. "Mwanangu, nina samaki elfu moja na mia tano wanakula nusu chakula kwa sababu ya kosa lisilo langu. Mume wangu alikuja hapa akapiga kelele mkamtoa, na mlifanya vizuri. Mimi sipigi kelele. Nataka mhuri, tarehe, na siku ya kujibiwa. Nitakaa hapa."

Watu wa foleni walikuwa wanasikiliza. Bibi mmoja nyuma alisema, "Mpigie mhuri mwenzio tuendelee." Venant aliinuka, akaingia ofisini, akarudi na mhuri. Akaupiga. Akaandika tarehe na namba ya malalamiko. Akaandika: majibu ndani ya siku kumi za kazi.

Zilikuwa siku ndefu. Chakula kiliisha siku ya tatu. Roza alikwenda kwa Sabina na ile nakala yenye mhuri. Mwenye duka aliisoma, akaridhika, akamkopesha mfuko mmoja. Okech alilala na kuamka akiuliza, "Wamepiga?" Siku ya sita alivaa viatu, akasema anakwenda mjini kuwakumbusha.

"Vua viatu," Roza alimwambia.

Akavua.

Siku ya nane, simu ya Roza ilitoa mlio. Simu ya Roza, si ya Okeyo. Alikuwa ndani ya mtumbwi, mikono imejaa unga wa chakula cha samaki. Alisoma kwa sauti, Okech ameshika kasia juu, maji yanadondoka. Benki imerudisha shilingi 520,000. Ujumbe wa pili: imerudisha shilingi 168,000. Wa tatu: rejesho la Julai limelipwa. Okech aliweka kasia chini. Akainama, akausoma tena ujumbe wa kwanza kwa macho yake mwenyewe.

"Kwa hiyo haikuwa imelala," alisema mwishowe.

Tangu siku hiyo samaki walirudi kula ndoo nzima. Ile njaa haikupita bure: walichelewa kuvuna kwa wiki tatu kuliko walivyopanga. Lakini walivuna. Deni lilikwisha, kizimba kilibaki chao, na jina la Roza halikuwa na doa benki. Siku hizi kila kikaratasi cha pesa, cha kushinda na cha kushindwa, kinawekwa kwenye kopo moja, na mwisho wa mwezi Roza anakaa na Okech wanalinganisha na ujumbe wa simu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo moja lilitokea siku chache baada ya pesa kurudi, nalo bado linanikaa rohoni.

Roza alikwenda benki kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba kumbukumbu ya kuchelewa imefutwa. Venant alimpa.

"Hongera mama," alisema. "Mchana ule mawasiliano na mashine ya duka lile yalikuwa mabovu kwa saa nzima. Miamala kadhaa ilikwama kama wako."

"Ya watu wengine?"

"Ndiyo."

"Nao mmewarudishia?"

Venant alitazama chini. "Hawajalalamika, mama."

"Mnajua pesa ni zao, mnasubiri walalamike?"

"Mimi ni wa dirishani tu, mama. Nimeshawaandikia wakubwa. Na majina siruhusiwi kukutajia."

Roza alitoka akiwa amekasirika kuliko siku zote za nyuma. Hasira ya sasa haikuwa ya kwake peke yake. Alikwenda moja kwa moja Nyegezi, kwa Sabina.

"Tarehe kumi mwezi wa saba, mchana. Nani wengine walilipa kwa kadi?"

Sabina hakuhitaji kufikiri sana. Wanunuzi wa chakula cha samaki wanafahamiana. Mmoja wao alikuwa Mzee Shimba, mwenye kizimba upande wa pili wa ghuba, na alikuwa hapohapo nje, anapakia mfuko mmoja kwenye baiskeli. Zamani alinunua sita sita.

"Shikamoo mzee," Roza alisema.

"Marahaba mama."

"Samahani kukuuliza. Mwezi wa saba akaunti yako haikupungukiwa?"

Mzee Shimba aliacha kufunga kamba.

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Mimi yangu ilipungua."

"Yangu ilipungua laki tatu na elfu tisini," alisema polepole. "Meseji za benki sijajiunga, niliona salio tu. Lakini hilo ni shauri la nyumbani. Namba ya siri tulikuwa tunaijua wawili tu, mimi na mama Kija, mke wangu. Nilimuuliza, akakana. Sasa yuko Usagara kwa kaka yake. Wiki ya tano hii."

Sabina alikuwa ameshaingia ndani. Walimsikia akibonyeza mashine. Alitoka na kikaratasi, akampa mzee.

Mzee Shimba alikaa juu ya mfuko mwingine wa chakula cha samaki, uliokuwa mlangoni mwa duka. Alisoma akiweka kidole chini ya kila neno. Tarehe kumi. Saa nane na dakika kumi na mbili. Shilingi 390,000. Haikufanikiwa. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Mwanawane," alisema. "Nilimwita mwizi. Mbele ya watoto."

Roza alimweleza kila kitu, kama alivyoelezwa na Mama Wilhelmina: pesa iliyokwama njiani, taarifa ya akaunti, barua, mhuri. Mzee aliitikia kwa kichwa kila mara, lakini macho yake hayakutoka kwenye kile kikaratasi.

"Kwa hiyo hii nikiipeleka benki, hela inarudi."

"Inarudi, mzee. Nitakusaidia kuandika barua."

"Na Usagara nipeleke nini?"

Roza alimtazama. Alitaka kumwambia maneno mengi, na mengine yalikuwa makali. Akafungua kamba ya baiskeli, akashusha ule mfuko chini.

"Peleka karatasi hiyohiyo, mzee. Nenda leo, nenda mwenyewe. Benki itafungua hata kesho."